Maharage ya Kuhesabu

Mwaka ule ugonjwa haukupanda mlima kufika Cirunga.
Hatukuzika mtu kwa kikohozi.
Kilichopanda ni habari:
redio ya Mugaruka, betri zimeanikwa juani,
ilisema Bukavu imefungwa,
daraja la Ruzizi limefungwa,
shule, kanisa, kilabu cha kasiksi, vyote,
nasi tukacheka kidogo
kwa sababu shamba halina mlango.

Kumbe lina.
Mlango wake uko chini, soko la Kadutu,
kwa mama anayenunua kabichi zangu
na kuzivusha ng'ambo kabla jua halijakaza.
Ulipofungwa, kabichi zilinisubiri kwa adabu
mpaka zikapasuka vichwa.
Nikawapa sungura.
Wiki ya tatu sungura nao wakazikataa.

Bisimwa akarudi kutoka bandarini, kwa miguu,
bila franka, bila unga,
mkononi ndoo ya plastiki yenye bomba.
*Nawa mikono kwa sabuni*, imeandikwa.
Asante.
Maji yako bondeni, mwendo wa kukaushia jasho mara mbili.
Sabuni bei yake imeota mabawa.
Tukanawa kwa majivu,
majivu yaleyale ninayochanganya na mbegu
fukusi wasiingie chunguni.

Mwezi wa saba nilikifungua chungu.
Nilisubiri watoto walale.
Nikayaosha maharage mara tatu,
na kila mara maji yakatoka na rangi ya matanga.
Mbegu zina sauti yake zikichemka,
anayelima anaijua.
Bisimwa aliamka, akakaa kando ya mafiga,
akatazama sufuria, asiulize.
Tukawaamsha watoto, tukala sote.
Yalikuwa matamu.
Hilo ndilo sijalisamehe.

Mvua ya mwezi wa tisa haikusikiliza redio.
Ilikuja siku yake.
Huku na kule majembe yakainuka,
mengine yakabaki kuegemewa tu.
Nikaenda kukopa kwa Cibalonza:
gigozi moja leo, mbili wakati wa mavuno,
ndiyo desturi, sikutaka huruma.
Akaniingiza ndani bila neno,
akainamisha chungu chake.
Majivu.
Tukasimama pale, wanawake wawili,
tukitazama majivu kama watu wanaosoma barua.

Nyumbani, Akonkwa yuko kizingitini na mkebe wake wa maziwa.
Mwalimu wa darasa la pili alikuwa amewaagiza:
kila mtoto, maharage thelathini ya kuhesabia.
Shule ikafungwa, yeye hakufunga.
Kumi toa nne. Sita ongeza sita.
Miezi yote ile, tumbo likiguna,
hakutia hata moja mdomoni,
na usiku ule wa chungu aliulalia mkebe
kama kuku anayeatamia.

Sikumwomba. Nilisimama tu mbele yake
na jembe mkononi.
Akatazama jembe. Akanitazama.
"Nitahesabu nini, Mama?"
Sikuwa na jibu, nikafunga kitenge upya.

Alichimba mashimo mwenyewe.
Sisi huweka mbili kila shimo,
moja letu, moja la bahati mbaya.
Safari hii moja moja,
naye akitaja kila namba kwa sauti
mpaka thelathini, halafu akakung'uta mkebe,
kama huenda lipo lililojificha.

Sasa shule imefunguliwa.
Kila asubuhi anachelewa kwa kupitia shambani,
na mwalimu ameniita.
Nitakwenda, nitamwambia nini?
Jana yalikuwa kumi na tisa.
Leo amerudi mbio, matope mpaka magotini:
ishirini, Mama, ishirini yameota,
lakini moja limedonolewa na kuku wa Cibalonza.
Hilo tunaliandika wapi?